Soko la tangawizi lisitegemee hofu ya mafua

KATIKA miezi ya Juni, Julai na Agosti, baridi inaposhuka nyanda za juu na kusi inapovuma pwani, ipo biashara moja ambayo haihitaji tangazo la redio. Muuza kahawa wa mtaani huongeza birika la pili, la tangawizi. Mama lishe huponda kipande na kukitia kwenye chai ya asubuhi. Sokoni, mafungu ya tangawizi, vitunguu saumu na malimao husogezwa mbele ya meza. Mafua yameingia, na kila nyumba ina mganga wake, ambaye mara nyingi ni bibi.

Makala haya hayakusudii kubishana na bibi. Yanakusudia kuuliza swali la kibiashara. Ikiwa Watanzania wengi kiasi hiki hukimbilia viungo hivi kila wanapoanza kupiga chafya, kwa nini mkulima wa tangawizi wa milima ya Upare, Kigoma, Ruvuma au Morogoro bado hana uhakika wa bei kutoka msimu mmoja hadi mwingine? Mteja yupo, tena ni wa kudumu, kwa kuwa mafua ya kawaida hayana chanjo wala dalili ya kuondoka duniani.

Kwa maoni yangu, tatizo ni kwamba tumezoea kumuuzia mteja huyo kama mgonjwa, wakati faida ya kudumu iko katika kumuuzia kama mnunuzi wa chakula. Mgonjwa hununua siku tatu akapona. Mnunuzi wa chakula hurudi kila wiki. Na pale ambapo wagonjwa wote wanakuja kwa pamoja, kama ilivyotokea mwaka 2020, mkulima hupata bei nzuri kwa wiki chache, kisha hulipia bei hiyo mwaka mzima unaofuata.

Viungo vinafanya nini hasa

Wapo watakaouliza ukurasa wa biashara na kilimo unahusika vipi na mambo ya tiba. Unahusika, kwa sababu unachomwahidi mteja ndicho kinachoamua utaandika nini kwenye pakiti, utasimamiwa na chombo gani cha serikali, na kama mteja atarudi.

Mafua ya kawaida husababishwa na virusi vya aina zaidi ya 200. Mtu mzima hupata mafua mara mbili au tatu kwa mwaka, na watoto mara nyingi zaidi ya hapo. Kwa kawaida hupona yenyewe ndani ya siku saba hadi kumi, awe mgonjwa amekunywa kitu au hakunywa. Hapo ndipo sifa za dawa nyingi za mafua zinapotoka. Mtu hunywa tangawizi siku ya tano, siku ya nane yu mzima, na tangawizi hupewa shukrani zote wakati sehemu kubwa ya kazi imefanywa na mwili wenyewe.

Hata hivyo si kweli kwamba hakuna kitu. Asali ndiyo yenye ushahidi mzuri zaidi katika kundi hili. Mwaka 2019 chombo kinachotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, NICE, kilitaja asali miongoni mwa vitu vya kujaribu kwanza kwa kikohozi cha muda mfupi kabla ya kukimbilia viuavijasumu. Sharti ni moja na ni zito: mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata kwa kidole, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za kimelea kinachotoa sumu ambayo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuizuia.

Kitunguu saumu kimefanyiwa jaribio moja linalotajwa sana, lililochapishwa mwaka 2001. Watu 146 waligawanywa makundi mawili kwa wiki 12, nusu wakimeza vidonge vya kitunguu saumu na nusu vidonge visivyo na kitu. Waliomeza kitunguu saumu waliripoti mafua mara 24, wenzao mara 65. Tofauti hiyo ni kubwa. Lakini lilikuwa jaribio moja, na washiriki wenyewe ndio walioandika wamepata mafua au hawakupata, hivyo mtandao wa Cochrane, ambao kazi yake ni kupima majaribio ya tiba, ulisema ushahidi hautoshi. Pia ni muhimu kuona kwamba walikuwa wakimeza kila siku kabla ya kuugua. Waliougua katika makundi yote mawili walichukua siku zinazokaribiana kupona. Kutafuna punje kumi za kitunguu saumu siku ambayo pua imeshaziba ni jambo jingine, ambalo jaribio hilo halikulipima.

Kuhusu limao, sifa yake ni vitamini C. Majaribio mengi yaliyokusanywa pamoja yanaonyesha kwamba watu wazima wanaotumia vitamini hiyo kila siku hupunguza muda wa kuugua mafua kwa takriban asilimia 8. Kwa mafua ya siku kumi, hiyo haifiki siku nzima. Na hapa kuna jambo linalonishangaza kila mara: tunagombania limao, wakati pera, ambalo kwenye vijiji vingi huoza chini ya mti, lina vitamini C mara kadhaa zaidi ya limao kwa uzito uleule. Pera halina jina kubwa sokoni wakati wa mafua kwa sababu halichomi koo wala halimkunji mtu uso. Watu hupenda dawa inayoumiza kidogo.

Tangawizi yenyewe ina ushahidi mzuri zaidi kwa kichefuchefu kuliko kwa mafua. Ukali wake hutokana na viini viitwavyo jinjaroli, ambavyo tangawizi ikikaushwa hugeuka kuwa viini vingine vilivyo vikali zaidi. Ndiyo maana kijiko cha unga huwasha kuliko kijiko cha tangawizi mbichi iliyokwanguliwa. Watafiti wa Taiwan walichapisha mwaka 2013 matokeo ya maabara yaliyoonyesha kwamba tangawizi mbichi ilizuia aina moja ya virusi vya njia ya hewa kushika chembe za mwili, wakati iliyokaushwa haikufanya hivyo. Matokeo hayo ni ya chembe kwenye vyombo vya maabara. Kutoka hapo hadi kwenye kikombe cha mgonjwa ni safari ndefu.

Tunachoweza kusema bila kumdanganya mtu ni kwamba kikombe cha moto cha tangawizi, limao na asali hulainisha koo, huongeza maji mwilini na humpa mgonjwa nafuu wakati mwili unapambana. Nafuu hiyo si jambo dogo. Mafua ni ya virusi, na viuavijasumu haviuwi virusi, lakini bado watu wengi huingia duka la dawa wakinunua vidonge viwili vitatu vya amoksilini kwa ajili ya pua inayochuruzika. Fedha hiyo inapotea, na vimelea vinajifunza kuishi na dawa. Anayekunywa tangawizi badala ya kumeza dawa isiyohusika amejitendea haki yeye na majirani zake. Mtoto anayehema haraka au kubonyea mbavu, au mtu mwenye homa isiyoshuka baada ya siku tatu, aende kituo cha afya, asisubiri birika lichemke. Na wenye vidonda vya tumbo au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda wamwone daktari kabla ya kuanza kunywa tangawizi na vitunguu saumu kwa wingi kila siku.

Mwaka wa nyungu

Virusi vya korona vilipoingia nchini Machi 2020, viungo hivi viliacha kuwa vya mafua tu. Rais John Magufuli alihimiza kujifukiza, nyungu zikawashwa mijini na vijijini, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ikatoa kinywaji chake cha mitishamba ambacho miongoni mwa viambato vyake vilikuwa tangawizi, limao na vitunguu. Shirika la Afya Duniani kwa upande wake lilikuwa likieleza kwamba kitunguu saumu ni chakula chenye manufaa lakini hakuna ushahidi kwamba kimemkinga mtu na virusi hivyo. Wengi hawakungoja ushahidi. Malimao yaliyokuwa yakiuzwa kwa fungu yakaanza kuuzwa moja moja, na bei ya kilo ya tangawizi ikapanda wiki hadi wiki.

Hamu hiyo ilifufuka Februari 2021, pale Waziri wa Afya wa wakati huo, Dk Dorothy Gwajima, alipoonyesha mbele ya waandishi wa habari namna ya kusaga kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimao na pilipili. Julai mwaka huohuo nchi ilipokea chanjo na Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani. Hofu ilipopungua, foleni kwenye meza za tangawizi nayo ikapungua.

Wachumi wa kilimo wanaujua vizuri mkasa wa aina hii. Bei inapopanda ghafla, mambo mawili hutokea shambani kwa wakati mmoja.

La kwanza, mkulima hung'oa tangawizi changa. Tangawizi huhitaji miezi minane hadi kumi ardhini ili ikomae kwa ajili ya kukausha. Ikichimbwa ya miezi mitano au sita inaliwa, haina nyuzi nyingi, lakini imejaa maji, hainyauki vizuri na haihifadhiki. Aliyeng'oa mapema ameuza kilo chache kuliko ambazo angepata, na mara nyingi ameuza hata zile ambazo zingekuwa mbegu.

La pili, watu ambao hawajawahi kulima tangawizi huingia. Hapa naomba msomaji avumilie hesabu kidogo. Ekari moja huhitaji kiasi cha kilo 600 za vipande vya kupandia. Tangawizi haina mbegu ya kununua kwenye kikopo, mbegu yake ni tangawizi yenyewe, kwa hiyo bei ya mbegu hufuata bei ya sokoni. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba katika mwaka wa kawaida kilo ni Sh1,500. Mbegu ya ekari moja itagharimu Sh900,000. Tuchukulie tena kwamba hofu imeipandisha kilo hadi Sh5,000. Mbegu ileile sasa ni Sh3,000,000. Kama ekari hiyo itatoa tani tano, basi kabla ya palizi, samadi na vibarua, kila kilo utakayovuna imeshabeba deni la Sh600 la mbegu peke yake, badala ya Sh180.

Na utavuna lini? Baada ya miezi minane au tisa, pamoja na wote walioona bei uliyoiona wewe. Aliyepanda kwa Sh5,000 huvuna sokoni pamejaa. Anauza kwa hasara, anaapa hatagusa tena zao hilo, mashamba yanapungua, na mwaka unaofuata bei inapanda upya. Mzunguko huu hauhitaji korona ili uanze. Mvua ikikosa wilaya moja, au ugonjwa ukiingia wilaya nyingine, unaanza.

Kukausha kuna hesabu yake

Ushauri unaotolewa kwenye kila semina ni kwamba mkulima aongeze thamani. Akaushe, asage, afungashe. Ushauri ni mzuri, ila hutolewa bila kikokotoo.

Tangawizi mbichi karibu asilimia 80 ni maji. Ili upate kilo moja kavu unahitaji kilo tano mbichi, na ukimenya na kuondoa zilizoharibika ni zaidi kidogo. Turudi kwenye mfano wetu. Kilo tano mbichi kwa Sh1,500 ni Sh7,500. Ongeza kuosha, kukata, kukausha na kubeba, tuseme Sh1,500, umefika Sh9,000. Mnunuzi wa tangawizi kavu akikupa Sh8,000, umefanya kazi ya siku kadhaa ili upoteze Sh1,000. Mkulima anayekataa kukausha wakati huo si mvivu wala si mjinga, ameshapiga hesabu kichwani.

Sasa chukua msimu ambao kilo mbichi imeanguka hadi Sh700. Kilo tano ni Sh3,500, ukiongeza gharama zilezile unafika Sh5,000, na kwa mnunuzi yuleyule wa Sh8,000 umebaki na Sh3,000. Ukisaga na kufungasha pakiti za gramu 50 unapata pakiti 19 hivi kwa kila kilo, kwa sababu kinu nacho hula chake. Ukiziuza Sh1,000 kila moja dukani, ukatoa fungu la mwenye duka, karatasi, lebo, kusaga na nauli, huenda ukabaki na Sh10,400 kabla ya kutoa zile Sh5,000 za tangawizi kavu. Hapo pana faida ya kueleweka.

Maana yake ni kwamba kukausha ni kinga ya wakati wa neema, pale mavuno yanapozidi meza za sokoni. Viwanda navyo viko kwenye mtego huohuo kwa upande wa pili. Kule Mamba Miamba, wilayani Same, wakulima kupitia ushirika wao walijengewa kiwanda cha kusindika tangawizi, na baadaye mfuko wa pensheni ukaingia kama mbia. Kimepita vipindi vya kusuasua. Si vigumu kuelewa ugumu mmoja wa kazi hiyo: bei ya mbichi ikiwa juu, mkulima anampelekea mchuuzi anayelipa taslimu pale pale njiani, na mashine zinabaki na njaa, bei ikiwa chini, kila mtu anakileta kiwandani kwa siku moja kuliko uwezo wa makaushio. Mitambo mizuri peke yake haitatui jambo hilo. Linatatuliwa na mkataba wenye bei ya chini inayojulikana kabla ya kupanda, na mtaji wa kumlipa mkulima siku anayoleta mzigo. Mkulima wa Upare anayemsomesha mtoto hawezi kungoja malipo ya awamu ya pili.

Jambo jingine ni mahali pa kukaushia. Tangawizi iliyoanikwa chini, kwenye turubai lililotoboka, hupata mchanga, samadi ya kuku na ukungu. Ukungu ndio mbaya zaidi kwa kuwa huleta sumukuvu. Umoja wa Ulaya hauruhusu tangawizi kavu yenye jumla ya sumukuvu za aina ya aflatoksini inayozidi mikrogramu 10 kwa kilo, na kwa ile iliyo kali zaidi kikomo ni mikrogramu 5. Hiki ni kipimo kidogo kuliko chembe ya chumvi. Kichanja kilichoinuliwa, wavu safi, vipande vyembamba vinavyolingana na kukausha hadi unyevu usiozidi asilimia 12 ndiyo njia. Anayetaka kujua bila mashine avunje kipande: kikikatika kwa mlio kiko karibu, kikipinda kirudi juani.

Mwaka 2023 ulituonyesha gharama ya kutojipanga. Ugonjwa uliteketeza mashamba ya tangawizi kusini mwa Jimbo la Kaduna nchini Nigeria, nchi ambayo ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa duniani na inayosifika kwa tangawizi kavu yenye ukali. Bei ya dunia ikapanda. Wanunuzi waliohitaji tani za tangawizi kavu, iliyopimwa na yenye daraja moja, walianza kutafuta kwingine. Kwa nchi inayouza sehemu kubwa ya tangawizi yake ikiwa mbichi na yenye udongo ndani ya kiroba, nafasi ya namna hiyo haiwezi kushikwa kwa mwezi mmoja.

Neno moja kwenye lebo

Wajasiriamali wengi, hasa kina mama wa vikundi, wameshaingia kwenye unga wa viungo vya chai: tangawizi, mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga. Ni biashara nzuri na mtaji wake si mkubwa. Kosa ninaloliona mara kwa mara kwenye maonesho ya Sabasaba na Nanenane liko kwenye lebo, pale mtu anapoandika kwamba bidhaa yake inatibu mafua, pumu, kisukari na nguvu za kiume kwa pamoja.

Viungo vikiuzwa kama chakula vinasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 limechukua pia kazi za usalama wa chakula zilizokuwa chini ya iliyokuwa TFDA. Mjasiriamali mdogo hupitia SIDO kupata utambulisho na mafunzo, kisha nembo ya ubora. Lakini ukishaandika kwamba bidhaa inatibu ugonjwa, umetoka kwenye chakula na kuingia kwenye dawa. Hapo unakutana na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2002, na maswali yao ni tofauti kabisa. Neno moja "inatibu" linaweza kukuzuilia mzigo wote, wakati "viungo vya chai" lingepita na mteja angeelewa bila kuambiwa. Hakuna Mtanzania anayehitaji kusomewa kazi ya tangawizi.

Uaminifu wa unga wenyewe ni jambo la kuangaliwa pia. Kiungo kilichosagwa ni rahisi kuchakachua. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya bidhaa kwa sababu ya unga wa pilipili uliotiwa rangi ya viwandani. Mwaka 2023 nchini Marekani watoto waliugua kutokana na madini ya risasi yaliyokutwa kwenye mdalasini uliotiwa katika vyakula vyao. Anayetaka kulinda jina lake auze pia vipande vizima vilivyokaushwa, ambavyo mteja anaviona kwa macho. Bei inaweza kuwa ileile na gharama ya kusaga imepungua.

Kitunguu saumu kina vita vyake. China huzalisha karibu robo tatu ya vitunguu saumu vyote duniani, na vile vikubwa, vyeupe, vya punje nene, vimefika hadi kwenye masoko yetu. Vya Mbulu na Lushoto ni vidogo, vinachosha kumenya, lakini vina harufu ambayo mpishi haikosei. Mkulima wetu hataweza kushindana kwa ukubwa. Anaweza kushindana kwa ukali na kwa kuwa karibu, ikiwa tu vitatengwa kwa daraja na kuandikwa vilikotoka, badala ya kumwagwa kwenye gunia moja na vya mwenzake.

Kwenye gunia pia ndipo mkulima anaponyonywa kabla ya hesabu nyingine yoyote. Sheria ya vipimo inataka mazao yauzwe kwa uzito na kifungashio kisizidi kilo 100. Lumbesa ya tangawizi bado inaonekana barabarani, imeshonwa kilemba juu, na mchuuzi hulipa gunia kana kwamba kilemba ni zawadi. Kijiji chenye mizani moja ya pamoja kinaweza kupata nyongeza ya kipato bila kupanda hata kipande kimoja zaidi.

Kabla ya mvua

Kwa anayefikiria kuingia, au anayebaki, mambo ya shambani ni machache. Maadui wakubwa wa tangawizi ni kuoza ikiwa ardhini na mnyauko unaoletwa na bakteria. Vyote viwili husafiri ndani ya mbegu na kukaa kwenye udongo. Bakteria huyo hushambulia pia nyanya, viazi mviringo, bilinganya na pilipili, hivyo kupanda tangawizi pale ulipotoa nyanya ni kumwandalia karamu. Mzunguko wa miaka mitatu au minne kwa kuchanganya na mahindi ni wa lazima, na maji yasisimame kwenye tuta. Wapare wenye ndiva na mifereji ya wazee wao wana nafasi ambayo wengi hawana, ya kumwagilia na kuvuna kwa awamu. Kwa mfereji huohuo, shamba moja lenye ugonjwa lililo juu linaweza kuambukiza yote yaliyo chini.

Mbegu ichaguliwe shambani wakati majani bado ya kijani, maana yakishakauka huwezi kutofautisha shina lililokomaa na lililougua. Weka alama kwenye mashina yenye afya, yaache yakomae hadi mwisho, yachimbe peke yake, na uyahifadhi kwenye kivuli chenye hewa. Kila kipande cha kupandia kiwe na jicho moja au mawili. Mchuuzi akija na bei ya kutamanisha, muuzie zilizobaki. Zile kilo 600 zenye alama haziingii kwenye mazungumzo, hata kama redio imesema kuna mafua mapya.